Dago la kulipia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo ambalo kwa wiki mbili sasa haliishi mdomoni nyumbani kwangu kila tunapokaa kula, na ambalo naamini linawagusa wazazi wengi wa Unguja na Pemba, hasa wakati huu ambapo masika yamekwisha, kipupwe kimeingia na watoto wako likizo. Nazungumzia kambi za mahema ya kifahari zinazoendelea kuota kando ya fukwe zetu, ambamo mtu hulala chini ya turubai lakini juu ya kitanda cha maana, akiwa na umeme, choo na bafu lake mwenyewe, na asubuhi akifungua zipu ya mlango anaiona bahari hatua chache kutoka miguuni pake. Nimelala humo na familia yangu, nimeridhika, na nimeudhika, na ningependa kueleza yote mawili.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili, upande wa kusini mashariki wa Unguja. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pemba. Tuliondoka mjini Ijumaa baada ya sala, tukapita Jozani, ambako watoto waliwaona kima punju wakivuka barabara na dereva wa mbele yetu akiwasubiri kwa adabu kuliko anavyowasubiri watu, na kabla ya alasiri kwisha tukafika. Mama aliposhuka garini alilizunguka lile hema, akaingia ndani, akalibonyeza godoro, akakagua bafu, akatoka, kisha akauliza bei. Nilijaribu kumpeleka kwenye mazungumzo mengine, lakini mama ni mama. Nilipomtajia, alinitazama kwa muda, akasema: “Marehemu babaako alikwenda dago akarudi na pesa. Nyie mwaenda dago mwatoa pesa!”

Kwa vijana wa mjini wasiolijua neno hili, dago ni kambi ya wavuvi. Wavuvi wetu huhama kwa kufuata upepo na samaki, kwani kusi linapovuma bahari ya mashariki huchafuka, na mwenye chombo kidogo hutafuta upande wenye stara au kisiwa kisicho na watu, akapiga dago huko na wenzake kwa wiki kadhaa. Zamani za baba yangu, tanga la ngalawa ndilo lililokuwa paa, makasia na pondo ndiyo nguzo, na mchanga ndio godoro. Samaki waliokosa mnunuzi walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa mpaka wakawa ng’onda, na ng’onda ndiyo iliyotusomesha mimi na ndugu zangu. Kisiwani Misali, magharibi ya Chake Chake, wavuvi walikuwa wakipiga dago tangu zamani, kabla ya kisiwa hicho kutangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema kwamba kulala ufukweni ndani ya hema ni mambo ya Kizungu, huwa nacheka kimoyomoyo. Wazungu wameongeza godoro tu.

Lakini neno la mama lilikuwa na mwiba ndani yake, nami niliuhisi tangu mapokezini. Kijana aliyekuwa zamu alitusalimu kwa heshima zote, kisha akanivuta kando na kuniuliza wageni wangu wako wapi, na kama nitawasubiri mpaka Jumapili au nitarudi kuwachukua. Alidhani mimi ni dereva. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu nilipomwambia kwamba wageni ni sisi, alitahayari akasema kwa uaminifu kwamba tangu aajiriwe hapo hajawahi kuipokea familia ya Kizanzibari. Bei nayo nilikuwa nimetumiwa kwa dola, ingawa kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilikwishakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Nilipoomba nilipe kwa shilingi, ilibidi hesabu ipigwe kwenye simu palepale kaunta, na ikaangukia kwenye shilingi laki nne na nusu kwa usiku mmoja, chakula cha jioni mbali. Sikuona kwamba kuna mtu aliyetaka kunidhulumu. Nilichokiona ni kwamba mahali pale palipangwa kuanzia kitanda hadi kijiko bila ya mtu yeyote kufikiria kwamba siku moja atakuja mlalaji anayeishi kilomita hamsini tu kutoka hapo.

Mfano mzuri zaidi wa hayo ni maji ya bahari. Jumamosi asubuhi watoto waliamka na nguo za kuogelea mwilini, wakatoka mbio, wakasimama. Bahari haikuwapo. Ilikuwa bamvua ya mwezi mwandamo, yaani siku za maji makubwa, na kila aliyekulia pwani anajua kwamba wakati wa bamvua maji ya kwetu hupwa yakafika mwisho wake kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa pomoni kwenye saa kumi. Upande wa mashariki, ambako mwamba uko mbali, maji yakipwa huweza kuondoka zaidi ya kilomita moja. Mtu anayetaka watoto wake waogelee asubuhi achague siku za maji mafu, yaani zile za katikati, karibu na siku ya saba au ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, ambapo saa nne maji huwa yamejaa na hayaendi mbali. Nakiri kwamba kosa la kwanza ni langu, mwana wa mvuvi, niliyetafuta bei wiki nzima nisiuangalie mwezi hata usiku mmoja. Hata hivyo, kambi inayouza bahari haipaswi kukosa ubao wa kuandika saa za maji kupwa na kujaa, na ubao huo haukuwapo. Mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa hema la jirani alisimama kwenye ngazi yake na taulo shingoni akiutazama mchanga mtupu kama mtu aliyeibiwa.

Mke wangu ndiye aliyeiokoa asubuhi ile. Aliwavisha watoto viatu vya mpira kwa sababu ya miba ya mwambani, akamwomba mmoja wa kina mama waliokuwa wakielekea kwenye mashamba ya mwani aturuhusu kumfuata. Tulitembea nyuma yake kwa zaidi ya nusu saa katika maji ya kifundo cha mguu. Aliwaonyesha watoto jinsi vipande vya mwani vinavyofungwa kwenye kamba, na kamba kwenye vigingi, akawaeleza kwamba kazi hiyo hufuata bamvua kwa sababu maji yakiwa mengi shamba halifikiki. Kilimo hiki kilianza kwa biashara hapa Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu hapo kimebebwa zaidi na wanawake. Binti yangu wa miaka kumi, ambaye husoma shule ya mjini na ambaye mpaka siku ile aliujua mwani kwenye sabuni tu, aliuliza gunia moja la mwani mkavu huuzwa kiasi gani, akajibiwa, akanyamaza mpaka tukarudi hemani. Huko alinijia na hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe, ya magunia mangapi yangetosha kulipia usiku wetu mmoja. Sitaiandika hapa. Yule mama alikataa malipo, akakubali chupa ya maji baridi.

Usiku, Mhariri, sikulala vizuri, na hilo linahusu ufundi zaidi ya anasa. Wenye kambi walikuwa wamelielekeza hema baharini, yaani mashariki, ili mandhari yaonekane, na mwezi wa Juni kusi huvuma kutoka upande huohuo wa kusini na mashariki, kwa hiyo turubai lilipigwa makofi tangu isha mpaka alfajiri. Wavuvi hawakupiga dago namna hiyo hata siku moja. Waliweka mgongo wa kibanda kwenye upepo na mlango upande wa stara, na waliacha vichaka vya mikadi na mivinje iliyokuwapo iwakinge. Hapo tulipolala mikadi ilikuwa imefyekwa yote, na alasiri maji yalipojaa yaligusa ngazi ya kwanza ya jukwaa letu. Nilimwonyesha mama, akasema bahari haina haraka. Mizizi ndiyo inayoushika mchanga wa ufukwe, na anayeifyeka kwa ajili ya picha ajue kwamba miaka michache ijayo atatafuta pa kulihamishia hema lake. Afadhali yeye ana hema la kuhamisha kuliko mwenye ukuta wa saruji.

Na hapo ndipo penye sababu ya mimi kuziunga mkono kambi hizi, pamoja na manung’uniko yangu yote. Jukwaa la mbao lenye hema juu yake halihitaji msingi wa zege mchangani, huweza kusogezwa ufuo unaposogea, na mtaji wake hauhitaji lazima mwekezaji kutoka ng’ambo. Watu wanne wenye umoja katika shehia wanaweza kuanza na mahema mawili. Tahadhari kubwa iko kwenye maji. Ardhi ya vijiji vya mashariki ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji matamu yaliyo chini yake ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kupita kiasi kwa ajili ya mabafu, visima vya kijiji hugeuka chumvi, na karo la maji machafu lililochimbwa ovyo hupenya jiwe hilohilo na kutokea kwenye mwani wa yule mama. Hema huonekana jepesi machoni, lakini lenye bafu la kujaza maji na choo cha kuvuta si jepesi kwa kijiji. Sisi watu sita tungeridhika na ndoo na kata, na nadhani wageni wengi pia wangeridhika kama wangeelezwa sababu.

Kuhusu chakula na ibada sitarefusha. Ndani ya hema hakukuwa na alama ya kibla, jambo ambalo mama alilimaliza kwa kuangalia kaskazini na kutandika msala wake pembezoni mwa kitanda, huku akiwasimulia wajukuu kisa cha Nabii Hadhara aliyewaomba wavuvi msala, wakakosa, akasema kisiwa kile kilichoelekea kibla kitakuwa msala wake, na ndiyo asili ya jina la Misali. Staftahi ilikuwa soseji na mikate mikavu. Mke wangu alipochungulia jikoni aliwakuta wafanyakazi wakila muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma, akauliza kama na sisi tunaweza kupata huo. Mpishi, mwenyeji wa kijiji cha jirani, alifurahi kama aliyepewa zawadi. Alisema alikatazwa kuuweka mezani kwa kuwa wageni hawautaki. Jumapili asubuhi hema tatu za jirani ziliomba muhogo.

Sasa nirudi kwa mama, kwa sababu bila yake nisingeandika barua hii. Alfajiri ya Jumapili, kwenye saa kumi na moja, nilimkuta ameketi nje kwenye ngazi amejifunika khanga mbili kwa sababu ya baridi ya kipupwe. Alininyooshea kidole kwenye kile kishada kidogo cha nyota kilichokuwa kimepanda juu ya bahari, akaniambia hicho ni Kilimia, na kwamba wazee walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwaka huu kilizama masika ikinyesha, na sasa kimezuka katika siku kavu, kama walivyosema. Taa ya ulinzi ya kambi ilikuwa ikiwaka kuelekea baharini na kutuharibia nusu ya mbingu, mpaka mlinzi mwenyewe alipoona tunavyokinga macho akaizima. Taa za namna hiyo, nilikumbuka, ndizo zinazowapoteza watoto wa kasa wanapotoka mchangani katika fukwe kama za Misali na Mnemba, wakadhani mwanga wa hoteli ndio bahari.

Nilimuuliza mama kama dago la baba lilikuwa hivi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba hajui. Aliolewa na mvuvi, aliishi naye zaidi ya miaka thelathini, alimfungia unga, chumvi na nazi kila alipoondoka, alipokea ng’onda kila aliporudi, alimsikiliza akisimulia mbingu za dago na moto wa dago, lakini wanawake hawakwenda dago. “Miaka yote hiyo mie dago nikilisikia tu,” alisema. “Leo ndio nimelala.”

Niliona haya kwamba nilikuwa nimemcheka siku ya kwanza. Nilikuwa nimeuchukua ule mzaha wake kama hukumu ya mzee juu ya vijana wapotezaji wa fedha, kumbe alikuwa akiupima mlango ambao kwake ulikuwa umefungwa umri wote, na sasa umefunguliwa kwa shilingi laki nne na nusu. Ni watoto wangapi wa hapa wanaoweza kuwafungulia mama zao mlango huo kwa bei hiyo? Mimi mwenyewe nilijinyima miezi mitano. Mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya 700,000, nasi tunajivunia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa hivi, na wengi wao wanaiona bahari kila siku bila ya kupata kulala kando yake usiku mmoja kwa mapumziko tu, bila ya nyavu wala mwani.

Ninachoomba kwa wenye kambi na kwa Kamisheni ya Utalii hakihitaji fedha nyingi. Bei ya mwenyeji iwepo, iandikwe kwa shilingi, na itangazwe wazi, si kupewa kwa kunong’onezwa yule anayejua kuomba. Wakati wa kuianza ni huuhuu, kwa kuwa mwezi huu wa Juni mahema mengi bado ni matupu, hoteli nyingine ndiyo kwanza zinafungua baada ya masika, na msongamano wa wageni wa nje huja Julai na Agosti, ilhali likizo za watoto wetu tayari zimeanza. Kitanda kitupu hakimwingizii mtu chochote. Kama kitachukuliwa kwa shilingi elfu themanini na familia ya Mpendae au Chake Chake, hesabu yake sioni inamshindaje mfanyabiashara. Sehemu ya kina mama kuogea kwa stara ni suala la kupanga upande mmoja wa ufukwe na saa zake, maana mke wangu aliingia majini kwa baibui alasiri ile na kutoka mapema zaidi ya alivyopenda. Njia ya wanakijiji ya kwenda pwani ibaki njia, bila ya kamba wala mlinzi. Tulipokuwapo ilikuwa wazi, na kila asubuhi waliopita waliamkiana na watoto wetu, jambo ambalo lilikuwa sehemu ya raha yenyewe.

Kwa Pemba ningeongeza neno moja, kwa kuwa huko mambo bado hayajaharibika. Ufukwe wa Vumawimbi, na rasi yote ya Kigomasha mpaka kwenye mnara wake wa taa, una msitu wa Ngezi nyuma yake na bahari mbele, na majengo ni machache. Kama mahema yatafika huko, na yatafika, basi waulizwe kwanza wavuvi wanaojua upepo unatoka wapi mwezi gani na maji yanafika wapi bamvua ya Machi. Wapewe nafasi ya kuwa wenye mahema, badala ya kuishia kuwa walinzi wa mahema. Na yaitwe dago. Jina tunalo.

Mama amesharudi Pemba kwa meli ya Mkoani. Jana usiku alinipigia simu, akawauliza wajukuu hali, akauliza kama nimeshamaliza deni, na kabla ya kukata akataka kujua leo ni mwezi ngapi, kwa sababu safari ijayo, kasema, anataka kuyaona maji asubuhi.

Mzazi na msomaji wako wa siku nyingi,
Mpendae, Unguja